Kutoka maabara hadi kwa mgonjwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kubiasharisha utafiti wa saratani

Ukurasa huu ni wa mwanasayansi anayefikiria kuongoza kazi ya kuyageuza matokeo ya utafiti wa saratani yawe dawa, na wa mtafiti ambaye matokeo yake yamefika hatua hiyo. Mifano mingi ni ya Marekani na Uingereza, kwa kuwa huko ndiko kazi hii ilikopata sheria na ofisi zake mapema. Mambo ya Afrika Mashariki yametajwa pale yanapohusika kweli.

## Mambo ya msingi

1. Mtu huyu hufanya kazi gani hasa?

Ni mwanasayansi, mara nyingi mwenye shahada ya uzamivu katika baiolojia, kemia au famasia, aliyeweka chini vifaa vya maabara na sasa anasimamia safari ya matokeo ya wenzake. Anaweza kuajiriwa na ofisi ya uhawilishaji wa teknolojia ya chuo kikuu (inayopeleka uvumbuzi wa chuo kwa kampuni), na taasisi ya utafiti, au na shirika la hisani. Cancer Research UK, kwa mfano, ina tawi lake la kazi hii, Cancer Research Horizons.

Asubuhi husoma taarifa ya uvumbuzi iliyoletwa na maabara na kupima kama ina uzito. Mchana huketi na wakili wa hataza (haki ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi kwa muda) kupanga madai, yaani maneno yanayotaja kile kinacholindwa, kisha hujibu maswali ya kampuni ya dawa kuhusu jaribio la panya lililofanyika miaka miwili iliyopita. Jioni huandika barua ngumu ya kumweleza profesa kwamba hataza yake haitaendelezwa. Ofisa mmoja huwa na makumi ya miradi mkononi kwa wakati mmoja, na mingi kati ya hiyo haitafika popote.

2. Kwa nini matokeo yasichapishwe tu, kampuni ziyachukue bure?

Kwa sababu hakuna atakayeyachukua. Kumfikishia mgonjwa dawa mpya ya saratani kunahitaji fedha nyingi mno, na kampuni haitazimwaga kwenye molekuli ambayo mshindani anaweza kuinakili siku dawa inapoidhinishwa. Hataza ni ahadi ya muda: miaka 20 tangu siku ya maombi, halafu kila mtu ana ruhusa.

Hata hivyo si kila kitu kifungwe. Mistari ya seli (seli zinazokuzwa maabara bila kukoma), panya waliobadilishwa jeni na kingamwili za kupimia maabara vinafaa zaidi vikitolewa kwa wengi kwa leseni isiyo ya kipekee na ada ndogo. Ofisi inayokimbilia kufunga kila kitu huwachelewesha watafiti wengine na yenyewe haipati chochote.

3. Ugunduzi na uvumbuzi vina tofauti gani?

Kiswahili kimetupa maneno mawili, na kazi hii yote imesimama kati ya hayo mawili. Kugundua ni kukuta kitu kilichokuwapo: protini fulani huichochea saratani ya kongosho. Kuvumbua ni kutengeneza kisichokuwapo: molekuli inayoizima protini hiyo. Hataza hutolewa kwa uvumbuzi.

Mahakama zimelisema hili waziwazi. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya kampuni ya Myriad kuhusu jeni za BRCA (zikiharibika huongeza hatari ya saratani ya matiti na ovari), kwamba DNA ya asili haiwi mali ya mtu kwa sababu tu imetenganishwa na mwili. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya Marekani inayoshughulikia hataza ilifuta madai ya hataza ya kampuni ya Ariad, yaliyotokana na utafiti wa Harvard, MIT na Whitehead: wagunduzi walikuwa wameeleza njia muhimu ndani ya seli, lakini hawakuonyesha kwamba wana molekuli za kuipunguza kasi. Mtafiti akija na protini peke yake, jibu la haki ni hili: hongera, rudi ukiwa na kitu cha kuigusa.

4. Safari huchukua muda gani?

Temozolomaidi, dawa ya uvimbe wa ubongo, ilianza katika maabara ya Malcolm Stevens, Chuo Kikuu cha Aston, mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuidhinishwa Marekani 1999. Abirateroni ya saratani ya tezi dume ilibuniwa Taasisi ya Utafiti wa Saratani ya London mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kibali kilikuja Aprili 2011. Imatinibu, dawa ya saratani ya damu, ilikwenda haraka ajabu: mgonjwa wa kwanza aliimeza 1998, kibali kikatoka Mei 2001. Usimwahidi mtu kasi ya imatinibu.

Kati ya dawa 100 za saratani zinazoanza kujaribiwa kwa binadamu, ni takriban 5 tu zinazofika kwenye kibali. Nyingine nyingi zimeshaanguka kabla ya hapo.

## Umiliki na hataza

5. Nina bango la kuonyesha kwenye mkutano wiki ijayo. Nina shida?

Huenda unayo. Barani Ulaya jambo likishawekwa hadharani popote duniani, kwa lugha yoyote, si jipya tena, na hataza imepotea. Marekani humpa mvumbuzi mwaka mmoja wa msamaha, lakini ukiutegemea huo umeshalipoteza soko la Ulaya.

Vitu vinavyowanasa watu ni hivi. Muhtasari wa mkutano huwekwa mtandaoni wiki kadhaa kabla ya mkutano wenyewe, na tarehe inayohesabiwa ni ile ya kuwekwa mtandaoni. Tasnifu ikiingia kwenye orodha ya maktaba ni chapisho, hata kama hajaisoma mtu. Makala ghafi katika hazina za mtandao ni chapisho. Semina ya idara yenye wageni wasiosaini mkataba wa usiri ni hadhara.

Kama bado kuna siku chache, wakili anaweza kuwasilisha maombi ya awali akitumia rasimu ya makala yako kama ilivyo. Hiyo ni ngao nyembamba: inalinda kilichoandikwa humo tu. Kama una molekuli 1 na hukuandika jamii yake, umelinda 1. Afadhali bango lionyeshe athari kwenye seli na lifiche muundo wa molekuli, na maombi kamili yaandikwe kwa utulivu.

6. Nani mmiliki: mimi, chuo, au aliyetoa fedha?

Inategemea nchi na karatasi ulizosaini. Marekani, tangu sheria ya Bayh-Dole ya 1980, chuo kinaweza kumiliki uvumbuzi uliotokana na fedha za serikali kuu. Ujerumani ilifuta haki binafsi ya maprofesa mwaka 2002. Sweden bado inayo. Vyuo vya Afrika Mashariki huweka suala hili kwenye sera zao za haki miliki na mikataba ya ajira, kwa hiyo anza kwa kuomba nakala.

Soma maneno yenyewe ya mkataba. Katika kesi ya Stanford na Roche, iliyoamuliwa 2011, mtafiti alikuwa ameahidi Stanford kwamba *atakabidhi* haki zake, kisha akaenda kujifunza mbinu kwenye kampuni na kusaini karatasi iliyosema *ninakabidhi*. Ya pili ikashinda. Uvumbuzi ulihusu upimaji wa VVU, lakini kosa hilo hujirudia kila mwaka katika maabara za saratani, hasa kwa watafiti wageni na wanafunzi wasio waajiriwa wa chuo. Kabla ya kusaini karatasi ya kampuni, hata ya ziara ya wiki moja, ipeleke ofisini.

7. Nani aandikwe kuwa mvumbuzi?

Mvumbuzi si sawa na mwandishi wa makala. Aliyechangia wazo lililoko ndani ya madai ya hataza ni mvumbuzi. Aliyeendesha mashine kwa kufuata maelekezo si mvumbuzi, hata akikesha mwezi mzima. Na mkuu wa maabara si mvumbuzi kwa cheo tu.

Kumwacha aliyechangia ni hatari kubwa. Hataza za kingamwili dhidi ya PD-1 (protini iliyo breki ya kinga ya mwili) zilizotokana na kazi ya Tasuku Honjo wa Kyoto zilimilikiwa na kampuni ya Ono. Taasisi ya Dana-Farber ya Marekani ikashtaki kwamba wanasayansi wawili, Gordon Freeman na Clive Wood, walichangia. Mahakama ilikubali 2019, na rufaa ikathibitisha 2020: wawili hao waongezwe. Kwa kuwa Marekani kila mmiliki mwenza anaweza kutoa leseni bila kuwauliza wenzake, jina moja lililosahaulika linaweza kuuondoa upekee wote.

Andika mchango wa kila mtu, kwa tarehe, siku taarifa ya uvumbuzi inapojazwa. Miaka kumi baadaye kumbukumbu zitakuwa zimegeuka, na kila mtu atakuwa na hakika na yake.

8. Tarehe za hataza zinakwendaje?

Mwezi 0: maombi ya kwanza. Mwezi 12: maombi ya kimataifa kupitia PCT, mkataba wa nchi nyingi wa ushirikiano wa hataza, pamoja na data mpya uliyoipata mwaka huo. Mwezi 18: maombi huchapishwa na siri imekwisha. Mwezi 30, ofisi nyingine 31: unachagua nchi moja moja, na hapo ada na tafsiri hugharimu kuliko yote yaliyotangulia.

Ndiyo maana kazi ya ofisa ni kumpata mshirika kabla ya mwezi wa 30. Asipopatikana, miradi mingi huachwa hapo hapo. Mvumbuzi ana haki ya kuambiwa mapema, angalau miezi mitatu kabla, ili aombe kurudishiwa haki kama anataka kuendelea kwa fedha zake.

Kwa Kenya, Tanzania na Uganda unaweza kupitia ofisi ya nchi husika (KIPI Kenya, BRELA Tanzania Bara), au kupitia ARIPO, shirika la haki miliki la kanda ya Afrika lililoko Harare, ambako maombi 1 hutaja nchi kadhaa kwa pamoja.

9. Madai yapi yana nguvu?

Madai juu ya molekuli yenyewe ndiyo mfalme: anayeitengeneza kwa lengo lolote anakugusa. Chini yake kuna madai ya matumizi kwa ugonjwa fulani, kisha muundo wa kidonge, kisha njia ya kutengeneza, ambayo ni rahisi kukwepwa. Ulaya haitoi hataza juu ya njia ya kumtibu mtu, lakini inakubali madai ya dawa *kwa ajili ya* matibabu fulani. Wakili mzuri huandika aina zote mbili.

Usichanganye pia hataza na ruhusa. Hataza humzuia mwingine, haikupi wewe uhuru wa kutumia. Kingamwili yako inaweza kuwa mpya kabisa na bado ikakanyaga hataza ya mtu juu ya namna ya kuitengeneza.

## Ushahidi

10. Kampuni huuliza nini ikiona data yetu?

Huuliza mambo yale yale, kwa hiyo yajibu kabla hawajaja.

Kuhusu lengo: je, kulizima kwa njia mbili zisizotegemeana, mathalani kwa kukata jeni na kwa molekuli, kunaleta matokeo yale yale? Je, molekuli pacha isiyo na nguvu inaacha seli salama? Ukikosa pacha huyo, hujui kama umeua saratani kwa lengo lako au kwa sumu ya kawaida. Je, umejaribu zaidi ya mistari miwili ya seli, na seli zisizo na lengo hilo zinaishi?

Kuhusu molekuli: usafi wake (chini ya asilimia 95 hakuna atakayeendelea kusoma), nguvu yake, orodha ya vimeng'enya vingine inavyovigusa, uyeyukaji, muda inaodumu kwenye vimeng'enya vya ini, na kama inaziba mkondo wa hERG wa moyo (ukizibwa, mapigo huvurugika). Nguvu nzuri kwenye seli huweza kutoka kwa uchafu, kama mabaki ya metali ya paladiamu ya hatua ya mwisho ya kemia. Tengeneza upya kwa njia nyingine na upime tena.

Kuhusu panya: tiba ilianza uvimbe ukiwa na ukubwa gani? Ukianza siku moja baada ya kupandikiza seli, umezuia uvimbe kushika tu. Subiri milimita za ujazo 100 hadi 200, gawanya panya kwa bahati nasibu, 8 hadi 10 kwa kundi, na anayepima asijue kundi gani ni lipi. Onyesha uzito wa panya kwenye mchoro ule ule, maana panya anayekonda sana atakuwa na uvimbe mdogo kwa sababu nyingine. Sema pia kama uvimbe ulipungua au ulikua polepole tu. Kampuni haivipimi kwa mizani moja.

La mwisho, ambalo wengi hulisahau: utamjuaje mgonjwa atakayefaidika? Jibu la swali hili ndilo lililoiokoa olaparibu, dawa ya saratani ya ovari (tazama swali la 19).

11. Kwa nini wanarudia majaribio yetu? Hawatuamini?

Hawamwamini mtu, na wana sababu. Mwaka 2012 wanasayansi waliofanya kazi katika kampuni ya dawa ya Amgen walieleza kwamba kati ya tafiti 53 mashuhuri za saratani walizojaribu kuzirudia, 6 tu ndizo zilizothibitika.

Mara nyingi chanzo si udanganyifu. Seli si zile zilizoandikwa kwenye chupa: seli za HeLa, mstari wa zamani unaokua kwa kasi, zimevamia mistari mingine kwa miongo kadhaa, na dawa yake ni kipimo cha utambulisho wa DNA kabla ya kuanza na kila baada ya miezi michache. Seli zinazokuzwa zimeingiwa na mikoplazma, bakteria wadogo sana wasioonekana kwa hadubini ya kawaida. Kingamwili ya kupimia inashika protini nyingine. Jaribio lililofaulu limeripotiwa, matatu yaliyofeli yamebaki kwenye daftari. Ofisa mwenye busara hutenga fedha kidogo ili maabara ya nje irudie jaribio kuu kwa siri kabla ya kampuni yoyote kuitwa. Likianguka, umeokoa miaka ya watu na fedha za hataza.

## Leseni, kampuni na fedha

12. Tutoe leseni kwa kampuni iliyopo au tuanzishe mpya?

Kama una molekuli 1 inayokaribia binadamu na kampuni kubwa tayari ina timu ya ugonjwa huo, toa leseni. Kama una jukwaa linaloweza kuzaa dawa nyingi, au sayansi ni mpya kiasi kwamba kampuni kubwa zinaiogopa, kampuni changa inafaa. Kampuni ya KuDOS ilianzishwa 1997 kutokana na kazi ya Steve Jackson wa Cambridge juu ya ukarabati wa DNA, wakati ambapo wachache waliamini kuwa hapo pana dawa. AstraZeneca ikainunua miaka minane baadaye kwa dola milioni 210.

Kampuni changa isiyo na kiongozi wa muda wote hufa. Profesa anayetaka kuwa mkurugenzi mtendaji huku anafundisha na anaendesha maabara anajidanganya, na aambiwe hivyo kwa upole. Nafasi inayomfaa mara nyingi ni mshauri mkuu wa sayansi.

13. Mkataba wa leseni uwe na nini?

Upekee na eneo la matumizi kwanza. Usitoe "matumizi yote" kwa kampuni inayoshughulika na saratani ya damu pekee. Gawanya, na uvimbe mgumu ubaki mkononi.

Pili, wajibu wa kuendeleza, wenye tarehe na vitendo: maombi ya kujaribu kwa binadamu yawasilishwe kufikia mwaka fulani, mgonjwa wa kwanza apewe dozi kufikia mwaka fulani. Maneno kama "juhudi za kuridhisha" bila tarehe hayakusaidii siku ya ugomvi. Ikishindikana, haki zirudi pamoja na data na akiba ya dawa iliyotengenezwa. Kifungu cha kurudishiwa data husahaulika mara nyingi kuliko vyote, na bila hiyo unarudishiwa ganda.

Tatu, malipo: ada ya kusaini, malipo ya hatua, na mrabaha (sehemu ya mauzo), ambao kwa uvumbuzi wa mapema huwa chini ya asilimia 10. Taja pia sehemu yako ya fedha ambazo kampuni itapokea ikiipa leseni kampuni nyingine, maana dawa nyingi za saratani hupita mikono miwili au mitatu. Nne, chuo kibaki na haki ya kutafiti na kufundisha. Tano, wagonjwa wa nchi zenye kipato kidogo (tazama swali la 23).

Kabla ya mkataba wenyewe, kampuni huweza kulipia miezi 6 hadi 12 ya kuikagua data bila mshindani kuingia. Ni jambo jema, mradi muda huo usivuke mwezi wa 30 wa hataza.

14. Fedha hugawanywaje?

Gharama za hataza hutolewa kwanza. Kinachobaki hugawanywa kati ya wavumbuzi, idara na chuo kwa sera ya chuo. Vyuo vingi vya Marekani huwapa wavumbuzi karibu theluthi. Katika kampuni changa chuo huchukua hisa: mwongozo wa USIT, wa masharti ya uwekezaji katika kampuni zinazozaliwa na vyuo, uliotolewa Uingereza 2023 ulipendekeza asilimia 10 hadi 25 kwa sayansi za uhai. Chuo kikichukua nyingi kupita hapo, wawekezaji hukimbia.

Mavuno makubwa hutokea mara chache sana. Mwaka 2016 UCLA, mahali ilikobuniwa enzalutamidi ya saratani ya tezi dume, na wenzake waliuza mrabaha wao kwa dola bilioni 1.14. Usijenge bajeti ya ofisi kwa kutumaini jambo la namna hiyo.

15. Mtafiti mwenye hisa anaweza kuendesha jaribio la dawa yake kwa wagonjwa?

Kwa kawaida hapana, na ni sawa. Asiwe mtafiti mkuu wa jaribio hilo, asiwe yeye anayemwomba mgonjwa ridhaa, na hisa zake zitangazwe kwa kamati ya maadili na ndani ya kila makala. Mwanafunzi wake naye asitumwe kufanya kazi za kampuni kwa kisingizio cha tasnifu.

16. Nini hutokea kati ya panya na binadamu wa kwanza?

Hapa ndipo fedha za utafiti zimekwisha na za wawekezaji hazijaanza. Unahitaji dawa iliyotengenezwa kwa kanuni za utengenezaji bora, na uchunguzi wa sumu kwa kawaida katika wanyama wa aina mbili, mmoja jamii ya panya na mwingine asiye. Dawa iliyotumika kwenye uchunguzi wa sumu ifanane kwa uchafu na ile ya wagonjwa. Ukitokea uchafu mpya, miezi hupotea.

Kwa dawa za saratani kali, mwongozo wa kimataifa wa ICH S9 huruhusu dozi ya kuanzia kuwa moja ya kumi ya ile iliyoleta madhara makubwa kwa asilimia 10 ya panya, au moja ya sita ya dozi ya juu isiyoleta madhara makubwa kwa mnyama wa pili. Marekani, baada ya kuwasilisha maombi kwa FDA, mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, unasubiri siku 30. Isipozuia, unaweza kuanza. Dozi hupandishwa kwa wagonjwa watatu watatu: mmoja akipata madhara makali, wanaongezwa watatu, wakiwa wawili, upandishaji unasimama.

## Kazi yenyewe

17. Nianzie wapi nikiwa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala?

Anza na lugha ya hataza. Kozi ya awali ya haki miliki ya Chuo cha WIPO (Shirika la Haki Miliki Duniani) hutolewa bure mtandaoni. Kisha ingia Patentscope au Espacenet, hazina zisizolipiwa, chagua dawa moja ya saratani unayoifahamu, tafuta hataza yake ya kwanza na usome madai tu, mara tatu. Jiulize: mshindani angepitia wapi? Ukifanya hivyo kwa dawa kumi, utaingia kwenye usaili ukiwa mbele ya wengi wenye vyeti.

Chuo Kikuu cha Africa (Africa University), Mutare, Zimbabwe, kina shahada ya uzamili ya haki miliki kwa ushirikiano na ARIPO na WIPO. Katika ngazi ya taaluma kuna cheti cha kimataifa cha RTTP cha wataalamu wa uhawilishaji wa teknolojia, kinachotolewa kwa kazi uliyokwisha kuifanya, si kwa mtihani wa darasani. Mlango ulio wazi zaidi ni kujitolea katika ofisi ya haki miliki ya chuo chako. Nyingi zina mtu mmoja au wawili, na mwanasayansi anayeweza kusoma data ya saratani atapokelewa kwa mikono miwili.

Ngazi hupanda hivi: ofisa msaidizi, msimamizi wa miradi, mkuu wa sehemu ya tiba, mkurugenzi. Wengine huchepuka kwenda kampuni changa, mfuko wa uwekezaji au uwakili wa hataza.

18. Je, nitakuwa nimeiacha sayansi?

Utaacha benchi la maabara. Utasoma sayansi pana kuliko ulipokuwa huko, na utaisoma kwa jicho la mtu anayelazimika kuamua.

## Hali zisizo za kawaida

19. Kampuni imeiweka dawa yetu kabatini. Tufanyeje?

Fungua mkataba, kifungu cha wajibu na tarehe (swali la 13). Abirateroni iliwahi kuwa mikononi mwa Boehringer Ingelheim, ikarudishwa; BTG, kampuni ya Uingereza iliyokuwa na haki zake, ikaipa leseni kampuni ndogo ya Cougar mwaka 2004, na Johnson & Johnson wakainunua Cougar 2009 kwa karibu dola bilioni moja. Bila haki kurudi, dawa hiyo ingekufa kwenye rafu.

Olaparibu ilikaribia kufa kwa njia nyingine. Desemba 2011 AstraZeneca ilitangaza kutoiendeleza kwa saratani ya ovari, kwa kuwa jaribio halikuonyesha wagonjwa kuishi muda mrefu zaidi. Data ilipochambuliwa upya kwa kuwaangalia peke yao wenye mabadiliko ya BRCA, faida ilionekana wazi. Ikaidhinishwa Desemba 2014. Kwa hiyo kabla ya kuzika mradi, uliza kama wagonjwa waliochanganywa walipaswa kutenganishwa. Hili linawezekana tu kama sampuli zao zilihifadhiwa.

20. Tumegundua dawa ya zamani inaua seli za saratani.

Angalia kwanza kipimo. Ikiwa seli zinahitaji kiwango mara mia ya kile kinachofikiwa kwenye damu ya mtu, huna kitu. Ikiwa kiwango kinafikika, hataza ya matumizi mapya inawezekana, lakini madaktari wataandika dawa ya bei nafuu iliyopo dukani. Miradi hii inafaa zaidi kwa fedha za hisani na za serikali.

21. Dawa imetokana na mmea wa kienyeji.

Inawezekana: vinkristini ilitoka kwenye *Catharanthus roseus*, ua la asili ya Madagaska, na paklitakseli kwenye gome la mti wa Marekani. Ila dondoo ghafi si dawa. Tenga molekuli, ithibitishe muundo, hakikisha si tanini zinazoshika kila protini. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika Oktoba 2014, inataka ridhaa ya awali na makubaliano ya kugawana faida na nchi na jamii zenye maarifa hayo. Pata karatasi hizo kabla ya kuchuma jani. Wawekezaji huzidai, na jamii iliyotunza maarifa hayo vizazi na vizazi inastahili zaidi ya shukrani mwishoni mwa makala.

22. Sampuli za wagonjwa wetu zinaombwa Ulaya.

Kirusi cha Epstein-Barr kilitambuliwa London mwaka 1964 kutoka kwa uvimbe wa watoto, uliosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda, baada ya Denis Burkitt kuueleza ugonjwa huo 1958. Sampuli zetu zina thamani na zimekuwa nayo muda mrefu.

Nagoya haihusu sampuli za binadamu, kwa hiyo ulinzi wako ni mkataba wa kuhamisha sampuli na kibali cha maadili. Tanzania, NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) huudai mkataba huo. Uandike: sampuli zitumike kwa nini, zirudishwe au ziharibiwe lini, nani atamiliki data ya jeni, na uvumbuzi ukitokea nani ataandikwa. Fomu ya ridhaa ya mgonjwa iwe imetaja matumizi ya kibiashara. Kama haikutaja, kampuni makini haitazigusa kamwe.

23. Je, hataza hizi hazitawanyima dawa wagonjwa wa kwetu?

Zinaweza, na anayeongoza kazi hii ana nafasi ya kuzuia hilo siku ya mkataba kuliko siku nyingine yoyote. Kifungu kinachofanya kazi kina mambo matatu: orodha ya nchi ambako chuo hakitaomba hataza au hakitaitumia kuzuia, wajibu wa kampuni kusajili dawa au kuruhusu mtengenezaji mwingine ndani ya miaka kadhaa baada ya kibali cha kwanza, na ruhusa kwa mtengenezaji huyo kutumia data. Ukiomba mapema, kampuni nyingi hukubali, kwa kuwa soko hilo si kubwa kwao. Ukiomba baada ya dawa kupata jina, mlango umefungwa.

Mfano upo: Oktoba 2022 Novartis ilitoa leseni ya nilotinibu kupitia Medicines Patent Pool, shirika linalotafutia nchi zenye kipato kidogo leseni za dawa, ya kwanza kwa dawa ya saratani. Kisheria pia kuna nafasi. Chini ya TRIPS, makubaliano ya Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki miliki, nchi zilizo nyuma zaidi kimaendeleo, zikiwamo Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hazilazimiki kulinda hataza za dawa hadi Januari 1, 2033, mradi sheria ya nchi yenyewe imeandikwa kuutumia msamaha huo. Kenya haimo kwenye kundi hilo, lakini inaweza kutoa leseni ya lazima, yaani kuruhusu mwingine atengeneze bila ridhaa ya mwenye hataza. Kwa hiyo unapoandika orodha ya nchi kwenye mkataba, usiandike "Afrika" kwa jumla. Taja Kenya kwa jina.